Utafiti wa tiba uanze na maswali ya wagonjwa

Mhariri,

Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo katika hospitali ya wilaya mkoani Tanga, mwaka wa 16 sasa. Wengi huichanganya kazi yetu na ile ya mazoezi ya viungo. Sisi tunamsaidia aliyepatwa na kiharusi, ajali au ulemavu arudi kuvaa, kula, kupika, kushika jembe au chaki.

Kila mwaka wanafunzi wa fani yangu huniletea mada zao za utafiti. Safari hii walikuja watatu, na mada zote zilianza na maneno yale yale: "Kiwango cha uelewa wa..." Wauguzi, wazazi, jamii. Siwalaumu, kwani mada ya namna hiyo humalizika kwa dodoso na wiki mbili. Lakini inaniuma, kwa sababu nayajua maswali tunayoyaacha.

Miaka mitano iliyopita nilimtibu fundi cherehani mmoja, mzee wa miaka sitini na kitu, kiharusi kimemlegeza upande wa kulia. Nilimtengenezea banzi la mkono kwa kipande cha bomba la maji, nikakipasha moto kikafuata umbo la kiganja, awe analala nalo vidole visijikunje. Ndivyo nilivyofundishwa. Familia ililipa shilingi 30,000. Wiki ya tatu mkewe akanisubiri mlangoni.

"Mwanangu, mzee halali na hiki kidude. Nikimvumilisha mpaka mwezi uishe, mkono utafunguka kuliko tusingemvika?"

Nilimjibu, "Ndiyo, Mama." Sikuwa na msingi wowote wa kusema hivyo.

Mama yule alikuwa ameuliza swali la utafiti lililokamilika. Darasani tulifundishwa kwamba swali zuri lina mambo manne: mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, tunalinganisha na nini, na tunataka kuona badiliko gani. Yeye aliyasema yote kwa pumzi moja. Hasa lile la tatu, "kuliko tusingemvika", ambalo sisi wataalamu ndilo tunaloliruka. Mgonjwa akipata nafuu tunalisifu banzi, na kumbe miezi ya mwanzo baada ya kiharusi wengi hupata nafuu kiasi fulani hata wasipovikwa kitu.

Na jibu lilikuwepo. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya wagonjwa 63 waliopatwa na kiharusi karibuni, waliogawanywa kwa bahati nasibu: wengine walivaa banzi usiku kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka, wengine kikiwa kimeinuliwa kwa nyuma, wengine hawakuvaa kabisa. Baada ya wiki 4, banzi halikuwa limezuia kifundo kukakamaa. Makala hiyo ilikuwa imeshachapishwa miaka mingi nilipokuwa napasha bomba lile. Niliipata kwa msaada wa rafiki anayefundisha chuoni, kupitia HINARI, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaozifungulia nchi zenye kipato kidogo majarida ya utafiti tangu mwaka 2002. Niliwafuata nyumbani, nikamwomba mama radhi, banzi tukaliacha.

Wenzangu wengine husema tiba inayofuata ushahidi ni kunakili makaratasi ya Ulaya. Sivyo. Daktari David Sackett na wenzake waliieleza mwaka 1996: ushahidi bora uliopo, pamoja na ujuzi wa mtaalamu na matakwa ya mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 222 wa kiharusi; baadhi walivishwa glovu nene kwenye mkono wenye nguvu karibu muda wote wa mchana kwa wiki 2, huku ule dhaifu ukifanyishwa kazi hadi saa 6 kwa siku. Walipata nafuu kuwazidi waliopewa huduma ya kawaida, na mwaka mmoja baadaye tofauti ilikuwa bado ipo. Ila walichaguliwa wale ambao angalau waliweza kuinua kifundo kidogo. Fundi wetu aliweza. Lakini saa 6 kwa siku, mimi niko peke yangu kitengoni, na wao wanapanda bodaboda mbili kunifikia?

Tukamuuliza anataka nini. Hakutaka kuokota maharage wala kupanga vishikizo, alitaka cherehani yake ya mkono. Basi kila asubuhi, kwa muda wa saa mbili, mkewe alimvika soksi nene mkono wa kushoto, naye akalizungusha gurudumu kwa ule wa kulia. Mwezi wa tatu alilizungusha bila kushikiliwa. Je, ilikuwa soksi, au angepona vilevile? Kwa mgonjwa mmoja siwezi kuapa.

Hapo ndipo ninapowahitaji wanafunzi. Wala tusidhani jibu litatupendeza. India mwaka 2017, katika hospitali 14 na wagonjwa 1,250, ndugu walifundishwa kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani. Baada ya miezi 6 idadi ya waliofariki au kubaki tegemezi haikutofautiana na ya wasiofundishwa. Nilihuzunika kuisoma, maana sisi huku tunawaegemea ndugu kwa kila kitu. Lakini je, kazi ambayo mtu ameizoea maisha yake yote, kama cherehani, ingekuwa na matokeo mengine? Hilo linaweza kupimwa hapa kwetu.

Naviomba vyuo viache kupitisha mada za uelewa kwa mazoea. Naziomba hospitali zitupe saa moja kwa wiki ya kusoma, na daftari la kumwandika kila mgonjwa siku ya kwanza na baada ya miezi mitatu: anafunga vishikizo? Anakula kwa mkono upi?

Wale wanafunzi watatu niliwaketisha asubuhi nzima kwenye benchi la wanaosubiri, wayaandike maswali wanayoulizwa na ndugu. Mmoja alirudi na la mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo: "Nimkalishe vipi ale bila kupaliwa?" Sasa anataka kuibadilisha mada yake, na msimamizi wake chuoni bado hajakubali. Kama anasoma gazeti hili, namwomba amkubalie.

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo,
Tanga