Muuza dawa, uliza kwanza mtoto ana umri gani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na wauzaji wa dawa, na pia kina baba wenzangu wenye watoto wachanga.

Mwanetu alishikwa na mafua akiwa na wiki 7. Mchana alikuwa anapiga chafya tu, hatukuhangaika. Saa 8 usiku mama yake akampa titi. Alilishika, akavuta mara tatu, akaliachia, akalia mpaka uso ukaiva. Akapewa tena, akaachia tena. Mimi nilidhani maziwa hayatoki. Kumbe mtoto wa umri ule hupumua zaidi kwa pua, na pua ikiziba huku mdomo umejaa titi, hana pengine pa kuvutia hewa. Anaachia ili apumue. Njaa inabaki palepale, analia, na kilio kinazidisha kamasi. Tulikaa hivyo hadi alfajiri, tukipokezana kumbeba wima begani, maana akiwa wima alau alitulia.

Kulipokucha nilikwenda duka la dawa nikaeleza kwamba mtoto ana mafua na pua imeziba. Nikapewa chupa ya dawa ya maji na kikopo cha mafuta ya kuchua yenye menthol na kafuri. Umri wa mtoto hakuuliza mtu. Nililipa, nikashukuru, nikaondoka.

Mke wangu ndiye aliyegeuza chupa na kusoma maandishi madogo ya nyuma: isitumike kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Kikopo nacho kiliandikwa vivyo hivyo. Mama mkwe alikuwa ameshakifungua na kidole kimeshachota. Alikifuta kwa kitambaa, akakaa kimya. Simlaumu hata kidogo. Amelea watoto sita kwa mafuta kama hayo, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyempa sababu ya kuacha.

Sababu ipo. Kafuri ikiingia mwilini mwa mtoto mdogo inaweza kumletea degedege. Kuhusu dawa za maji za mafua, mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wazazi wasiwape kabisa watoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa zinaweza kufanya moyo uende mbio, kuleta degedege, hata kuua. Na mafua yenyewe haziyaponyi. Sasa mtu aliye nyuma ya kaunta anashindwaje kuuliza swali moja?

Tulichohitaji kilikuwa matone ya maji ya chumvi, yale yanayotengenezwa kwa gramu 9 za chumvi katika lita 1 ya maji safi, yasiyo na dawa nyingine ndani. Nashauri yanunuliwe yakiwa tayari, kwa sababu kijiko cha nyumbani hakipimi sawasawa na maji ya kuweka puani lazima yawe salama. Muuguzi alituonyesha kwa mkono wake. Mtoto analazwa chali, tone 2 kila tundu la pua, unasubiri kama dakika moja kamasi zilainike. Kisha kipira cha kuvutia kamasi: unakiminya kikiwa bado nje, unaingiza ncha kidogo tu mlangoni mwa pua, ndipo unaachia polepole. Mara ya kwanza mimi nilikiminya kikiwa ndani, nikamsukumia mwanangu kamasi na hewa kichwani. Kilio kile bado nakisikia. Hufanywa robo saa hivi kabla ya kunyonya na kabla ya kulala, isizidi mara 4 kwa siku, maana pua ikivutwa kila saa inavimba na kuziba zaidi. Halafu kipira kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, ndani na nje.

Usiku ule tulimvuta kamasi ya uzi mzito, ya kijivu, ndefu kuliko nilivyodhani inaweza kukaa kwenye pua ndogo vile. Akashika titi na hakuliachia.

Kuna mtu alitushauri tumwekee mto ili kichwa kiinuke. Tafadhali, asifanye mzazi yeyote. Mto unaweza kumziba uso, au shingo ikapinda na hewa ikakosa njia. Alazwe chali kwenye godoro gumu lisilo na kitu juu yake, hata akiwa na mafua. Marekani ilianza kuhimiza watoto walazwe chali mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua kwa karibu nusu. Ndoo ya maji ya moto ya kumfukiza pia iondoke chumbani. Kuungua ni jambo la sekunde.

Kina baba, jifunzeni kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, fungua nguo, tazama tumbo likipanda na kushuka, hesabu dakika nzima kwa saa. Usihesabu robo dakika ukazidisha, kwa sababu watoto wachanga hupumua kwa vipindi, mara haraka, mara wanatua. Shirika la Afya Duniani linahesabu pumzi 60 au zaidi kuwa ni kuhema haraka kwa mtoto wa chini ya miezi 2, na 50 kwa wa miezi 2 hadi 12. Wetu alikuwa na 48, na ile namba ndiyo iliyonipa usingizi. Pumzi zikifika kiwango hicho cha kuhema haraka kwa umri wake, au kifua kikibonyea ndani, midomo ikawa ya bluu, akakataa kunyonya, au homa ikafika nyuzi 38 kabla hajatimiza miezi 3, usingoje kukuche. Mpeleke hospitali.

Wauzaji wa dawa nawaomba hilo moja: ulizeni umri kabla mkono haujafika kwenye rafu. Na wewe Mhariri, ukipata nafasi kwenye ukurasa wa afya, chapa hizo namba za pumzi kwa herufi kubwa, mtu aweze kuzikata na kuzibandika ukutani karibu na kitanda.

Baba wa mtoto wa miezi 4