Risala ya wafanyakazi kwa mgeni rasmi katika hafla ya kuwaaga wenzetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
Wakuu wa idara,
Wafanyakazi wenzetu na wageni waalikwa,

Awali ya yote, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Hafla ya kuagana tumezoea kuwafanyia wastaafu. Leo tunawaaga wenzetu watano, na anayestaafu ni mmoja tu. Wanne wameandika barua za kuacha kazi wangali na nguvu zao, na wawili kati yao ndio waliokuwa wakiwafundisha kazi waajiriwa wapya. Tumewapa zawadi na kuwatakia heri kwa moyo mweupe. Lakini tungekukosea kama tungekuacha uondoke hapa bila kujua kwa nini wanakwenda.

Barua ya kuacha kazi huja mwisho. Mtu huanza kuondoka siku nyingine kabisa, mara nyingi siku ambayo hakuna aliyeiona. Mmoja wa wenzetu hawa alirudi kutoka likizo ya uzazi akakuta meza yake amepewa mtu mwingine, na faili zake zimerundikwa kwenye boksi kando ya mlango. Kwa miezi kadhaa alikuwa akikamua maziwa ya mtoto wake stoo, ameketi juu ya katoni ya karatasi, mguu mmoja ameuegemeza mlangoni kwa sababu kitasa hakina kufuli. Hakumlalamikia mtu. Anakokwenda mshahara ni uleule, ametuambia mwenyewe. Tofauti ni kwamba kuna chumba kinachofungika, na kwenye usaili walimuuliza mtoto atakaa na nani.

Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, mama arudi kwenye nafasi yake au inayolingana nayo kwa mshahara uleule, na muda wa kunyonyesha uhesabiwe kuwa muda wa kazi na ulipwe. Kwa hiyo kufuli la mlango si upendeleo tunaoomba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wapo wanaosema watu hufuata hela tu. Hela ina nafasi yake, wala hatutajifanya hatuihitaji. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Ford, nchini Marekani, kiliajiri watu zaidi ya 50,000 ili kubaki na wafanyakazi wapatao 14,000. Watu walikuwa wakiingia na kutoka, kazi ya kuunganisha magari ikiwachosha. Januari 1914 kampuni ikatangaza ujira wa hadi dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya ule wa awali, na wanaoacha kazi wakapungua sana. Kila anayesimulia habari hii huzitaja zile dola 5. Wachache hukumbuka kwamba siku hiyohiyo saa za kazi zilishushwa kutoka 9 hadi 8. Sisi tunaikumbuka ile saa moja, kwa sababu ndiyo inayomfikisha mzazi nyumbani mtoto hajalala.

Hata hapa kwetu tumeona. Uongozi ulipoiruhusu idara moja kupanga zamu zake yenyewe, mradi kazi isilale, idara ile haijaaga mtu tangu wakati huo. Tunaushukuru uongozi kwa hilo, na tunaomba utaratibu huo ufike idara zote.

Wanaobaki nao huumia. Mwenzetu fundi amekabidhi funguo, kompyuta na daftari. Tumelifungua daftari hilo: kazi ya miaka 11 imo katika kurasa tatu. Mengine yote ameondoka nayo kichwani. Mpaka mwajiriwa mpya aive, watu wawili watafanya kazi ya watatu, na tunahofia mmoja wa hao wawili ndiye tutakayemuaga mwakani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ombi letu kubwa ni bima ya afya. Mwenzetu mmoja alimpeleka mtoto hospitali usiku, kadi ikakataliwa dirishani kwa kuwa michango ilikuwa haijapelekwa, ilhali kwenye mshahara wake ilikuwa imekatwa. Alirudi kazini kesho yake, akafanya kazi vizuri tu, lakini tangu siku hiyo hakuwa mtu yuleyule. Tunaomba michango ya bima na ya mafao ya uzeeni ipelekwe kwa wakati kila mwezi. Ni fedha ambayo tayari imeshatoka mifukoni mwetu.

Tunaomba pia wasimamizi wetu wafundishwe kuongoza watu. Wengi walipandishwa cheo kwa sababu ni hodari wa kazi, na tunawaheshimu kwa hilo. Hakuna aliyewaonyesha namna ya kumsikiliza mtu aliyefiwa, au anayeuguza. Nafasi zikitokea, zitangazwe kwanza humu ndani. Na yale maswali yaliyomo kwenye fomu ya kuagana, kwamba nini kilikusumbua na nini kingekufanya ubaki, mtu aulizwe angali kazini, walau mara moja kwa mwaka, na apewe jibu.

Kwa upande wetu, kamati ya wafanyakazi iko tayari kukaa na uongozi kupanga lipi lianze na lipi lisubiri, kwa kuwa tunajua bajeti ina mipaka. Chumba cha akina mama kinaweza kuanza wiki ijayo. Stoo ile tumeshakubaliana kuihamisha wenyewe, Jumamosi, na kufuli tumeshanunua.

Tunaomba kuwasilisha.