Kabla hujaanza kujitolea

Mwanangu mpenzi,

Nimefurahi kusikia shirika limekukubali ujitolee kupima lishe ya watoto hapo kitongojini. Kabla hujagusa utepe, ule wa rangi wa kupimia mzunguko wa mkono wa mtoto, kaeni mkubaliane, tena kwa maandishi: siku ngapi kwa wiki, kaya ngapi, nauli inatoka lini, na msimamizi wako ni nani. Kujitolea ni kutodai mshahara. Si kulilipia shirika nauli kutoka mfukoni mwako. Wengi huona haya kuuliza, halafu mwezi wa tatu wanaacha kimyakimya na kaya zao zinabaki bila mtu.

Wao nao wana haki ya kukudai vipimo sahihi. Utepe ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Pima mkono wa kushoto, katikati ya ncha ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia bila kukazwa. Ukiukaza utepe hadi ngozi ikunjamane, mtoto mzima ataonekana mgonjwa. Ukiulegeza, mwenye utapiamlo mkali atapita kama mzima, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: andika rufaa siku hiyohiyo. Kuanzia hapo hadi kabla ya 12.5 ni njano. Hata kijani usiiamini peke yake. Bonyeza miguu yote miwili kwa vidole gumba kwa sekunde 3. Vishimo vikibaki, mtoto aende zahanati bila kujali rangi. Na kaya usiyoifikia, andika hukuifikia.

Swali la kuwabana nalo ni hili: nikimpa mtoto rufaa, zahanati kuna chakula dawa, kile cha kutibia utapiamlo mkali? Mama akitembea saa mbili na mtoto mgongoni akakuta kimeisha, hatalilaumu shirika asilolijua. Atakulaumu wewe uliyebisha hodi kwake, na siku nyingine hatakufungulia. Basi wakwambie mapema akiba inapopungua, na kila rufaa irudi na majibu, ujue mtoto alipokelewa au la.

Ukitaka kuacha, toa taarifa mwezi mmoja kabla. Mzungushe atakayekupokea nyumba kwa nyumba, muanze na zenye watoto wa nyekundu na njano. Mkabidhi utepe, daftari na fomu za rufaa zilizobaki, msaini wote wawili.

Akupendaye,
Mama