Tuhesabu Usiku, Si Vichwa

Mhariri,

Kila takwimu za utalii zinapotangazwa, sisi wa Mombasa huambiwa tushangilie idadi ya wageni, na kweli mwaka 2024 Kenya iliipita Tanzania kwa vichwa: kwetu waliingia wapatao milioni 2.39 na kwao milioni 2.14. Katika fedha, hata hivyo, Tanzania ilitangaza dola bilioni 3.9, nasi tukatangaza shilingi bilioni 452, ambazo hata ukizibadilisha kwa shilingi 129, kiwango kilichotupendelea zaidi mwaka ule ulioanza dola ikikaribia shilingi 160, hazifiki mbali zaidi ya dola bilioni 3.5. Kwa hesabu ya haraka, mgeni mmoja aliiachia Tanzania dola 1,800 hivi, na Kenya hazikufika 1,500.

Tofauti hiyo mimi huiona kwa macho, kwani kazi yangu ni kuwatembeza wageni Mji wa Kale. Mwezi uliopita mume na mke kutoka Ujerumani walinikuta langoni mwa Fort Jesus saa nne asubuhi. Tukapita Ndia Kuu, tukauona Msikiti wa Mandhry, wakanunua kanga moja, wakanywa kahawa chungu kwa kashata, na kabla ya adhuhuri walikuwa garini kurudi hotelini, ambako malazi, chakula na hata vinywaji walikwisha kuvilipia huko kwao. Mombasa walilala siku mbili tu. Kesho yake walikuwa wakiruka kwenda Unguja kukaa siku nane.

Wenzetu wamejua kumshika mgeni. Anayepanda Kilimanjaro hutumia siku tano hadi nane mlimani, akilipia kila siku, pamoja na wapagazi na wapishi, ilhali sisi tunauza kuutazama mlima huohuo kutoka Amboseli. Akishuka huelekezwa Serengeti na Ngorongoro, kisha Zanzibar, safari nzima ikiwa imefungwa katika bei moja. Kwetu, anayetoka Maasai Mara hurudi Nairobi akapanda ndege ya kwao, na pwani akaisoma kwenye vipeperushi.

Ni haki pia kukumbuka kwamba katika hesabu yetu wamo wengi wanaokuja Nairobi kwa mikutano, na majirani waliokuja kuwaona jamaa zao. Sisemi hao ni wageni duni, maana bakshishi nono kuliko zote nilizowahi kupewa ilitoka kwa mzee wa Kampala. Lakini kuwaweka kapu moja na mtalii wa siku kumi na nne kunatuficha tulipo.

Ombi langu kwa wizara, na kwa gazeti lako pia, ni kwamba mwakani idadi ya walioingia ichapishwe sambamba na wastani wa usiku waliolala na fedha walizotumia, kaunti kwa kaunti, Mombasa ikiwa na safu yake.

Mwongozaji watalii,
Mji wa Kale, Mombasa