Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU): Tunahitaji shahada ya wahandisi wa programu za utafiti

Ndugu Katibu Mtendaji,

Ninasimamia data za utafiti wa malaria, na ninakuandikia kuhusu kosa ambalo bado linaniuma.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wa uzamili alituandikia programu ya kusafisha takwimu kutoka vituo vya afya. Akahitimu, akapata kazi benki. Mwaka uliofuata tulipoiwasha, ikagoma. Hapakuwa na maelezo hata mstari mmoja, na mafaili iliyoyatafuta yalikuwa kwenye kompyuta mpakato aliyoondoka nayo. Tukarudia kuingiza fomu kwa mkono, wiki saba nzima. Hapo ndipo tukagundua kwamba umri wa watoto ulioandikwa kwa miezi, programu ile iliusoma kama miaka: mtoto wa miezi 14 alihesabiwa kijana wa miaka 14. Ripoti ilikuwa imeshapelekwa.

Simlaumu yule kijana. Hakuna aliyewahi kumfundisha kuijaribu programu yake kabla ya kuiamini. Wenye uwezo kuliko sisi nao yamewakuta: mwaka 2020 huko Uingereza, karibu majibu 16,000 ya waliokutwa na UVIKO-19 yalichelewa kuingia kwenye hesabu, kwa sababu data zilipitishwa kwenye faili la Excel la mtindo wa zamani, lisilobeba zaidi ya mistari 65,536.

Ni huko huko Uingereza, kwenye warsha ya Oxford mwaka 2012, ndiko kazi hii ilikopewa jina: mhandisi wa programu za utafiti. Ni mtu anayeandika na kutunza programu ambazo watafiti huzitegemea. Si mhadhiri, wala si fundi wa kompyuta za ofisini, lakini bila yeye utafiti mwingi hausogei. Hapa kwetu watu hawa wapo, hawana jina tu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshirikiana kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Oslo katika DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika katika nchi zaidi ya 70.

Ombi langu ni shahada ya uzamili, itakayopokea waliosoma kilimo, baiolojia au hali ya hewa sawasawa na waliosoma kompyuta. Wajifunze kutunza matoleo ya programu, kuandika majaribio yake, takwimu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, maana data zetu ni za wagonjwa. Lakini nusu ya muda wao wawe ndani ya mradi halisi, wakikaa na daktari wa mifugo au mtaalamu wa udongo mpaka waelewe anachouliza. Hilo halifundishiki ubaoni.

Na mtihani wa mwisho usiwe tasnifu peke yake. Mwanafunzi akabidhi programu yake kwa mwenzake wa mwaka wa nyuma, naye aiwashe kwenye kompyuta nyingine, apate majibu yale yale, bila kumpigia simu mwenyewe. Akishindwa, aliyeikabidhi arudi akairekebishe.

Linalonitia hofu zaidi ni ajira. Mhitimu huyu akiajiriwa kama ofisa TEHAMA, atashinda akirekebisha printa. Akibaki chuoni, atapandishwa cheo kwa machapisho, huku programu inayotumiwa na watafiti wenzake haihesabiwi chochote. Atafuata benki kama yule wa kwetu, na nitamwelewa. Kwa hiyo kabla hamjaupa ithibati mtaala wa kwanza wa namna hii, nakuomba uwaite kwenye meza moja vyuo, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Ofisi ya Rais, Utumishi, wakubaliane cheo na ngazi zake.

Mkituita na sisi tunaofanya kazi hii, nitakuja. Zile fomu za watoto bado ninazo kabatini, nitakuja nazo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Msimamizi wa data za utafiti, Morogoro