Presha Jumamosi, na watafiti wakija mtaani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Jumamosi tunapima presha kabla ya kikao. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Keti dakika 5, egemea kiti, miguu chini bila kuipishanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usiongee. Mkanda wa kupimia ukiwa mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba kwa uongo, kwa hiyo tutaleta wa saizi mbili. Ukisoma 140/90 au zaidi, nenda zahanati urudie siku nyingine. Mwenye dawa asiache eti kwa sababu anajisikia vizuri, presha haiumi.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, hicho huenda ni kiharusi. Andika saa mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, mpeleke hospitali yenye CT scan, mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa. Usimpe aspirini, huenda damu imevuja kichwani. Wala uji, atapaliwa. Foleni za Dar mnazijua, msisubiri kukuche.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ilithibitishwa kwa kiharusi mwaka 1995 kwa utafiti wa fedha za serikali ya Marekani, ikitolewa ndani ya saa 3. Wagonjwa walikubali kushiriki, ndipo ikajulikana. Watafiti wakipita kwetu msiwafukuze, ila ulizeni kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na fomu ya ridhaa ya Kiswahili. Kujitoa ni ruksa wakati wowote. Anayedai ada ya usajili, huyo tapeli.