Risala ya Wanamaabara wa Jenetiki ya Samoni kwa Mgeni Rasmi, Ufunguzi wa Mafunzo ya Wakusanya Sampuli

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa mamlaka za uvuvi,
Manahodha na wakusanya sampuli,
Mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu wakati msimu unakaribia na kila mtu ana haraka zake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, samoni wa Pasifiki hurudi kutaga kwenye mto aliozaliwa. Wapo wanaopotea njia, ila ni wachache. Kwa hiyo, vizazi kwa vizazi, mito imejijengea koo zake, na aleli, yaani sura mbalimbali za jeni moja, hupatikana kwa viwango tofauti mto hadi mto. Baharini koo hizo huogelea pamoja, na macho hayawezi kuzitenganisha. Wavu mmoja unaweza kubeba ukoo wenye samaki mamilioni pamoja na ukoo uliobakiza mamia. Anayefungua uvuvi kwa kutazama wingi tu anaweza kuumaliza ule mdogo asijue. Kazi yetu ni kueleza kila mto umechangia kiasi gani katika mavuno hayo.

Jibu huanzia mtoni, kwenye daftari la rejea, yaani orodha ya aleli za kila mto ambayo samaki wa baharini hulinganishwa nayo. Kwa kila ukoo tunalenga samaki wazima wapatao 100 kutoka eneo lao la kutaga, ikiwezekana wa miaka zaidi ya mmoja. Tunasisitiza wazima kwa sababu vifaranga waliochotwa mahali pamoja huenda wakawa ndugu wa tumbo moja, na aleli za mama mmoja zikaandikwa kama za mto mzima. Samoni waridi, Oncorhynchus gorbuscha, anahitaji madaftari mawili. Yeye huishi miaka miwili tu, kwa hiyo wazao wa miaka shufwa na wa miaka witiri hawakutani hata katika mto uleule.

Sampuli yenyewe ni kipande cha pezi kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Mara nyingi hukatwa kile kijipezi kilicho kwapani mwa pezi la tumbo. Kitiwe mara moja kwenye ethanoli (spiriti) isiyozimuliwa kwa maji, ujazo wake uwe walau mara tano ya nyama. Nyama ikizidi, maji yake huzimua ethanoli, na DNA huoza ndani ya chupa iliyofungwa vizuri kabisa. Fomalini isitumike, kwani hugandisha DNA pamoja na protini. Mkasi ufutwe na kusuuzwa baada ya kila samaki. Ute wa samaki mmoja ukishika kipande cha mwenzake, mashine itasoma aleli za samaki wawili katika chupa moja. Makosa mengi yanayotufikia ni ya mkasi na kalamu. Mashine hulaumiwa bure.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa protini, zikihitaji ini, moyo na misuli iliyogandishwa, na samaki ilibidi afe. Zikaja maikrosateliti, yaani vipande vya DNA vyenye herufi chache zinazojirudiarudia. Hizo hupimwa kwa urefu, na kila mashine ina kipimo chake, kwa hiyo maabara za Marekani na Kanada zilikaa pamoja kusawazisha alama 13 (sehemu za DNA zinazopimwa) za samoni wa Chinook, Oncorhynchus tshawytscha, kabla ya kushirikiana daftari moja. Leo tunasoma mabadiliko ya herufi moja moja ya DNA, ambayo husomeka vilevile popote. Lipo tego moja: mababu wa samoni walirudufisha jenomu yao yote, yaani DNA yao nzima, na baadhi ya sehemu zimebaki mbili mbili. Alama iliyokaa hapo huonyesha karibu kila samaki ana aleli mbili tofauti. Ikaguliwe kwa kanuni ya Hardy-Weinberg, inayokadiria ni samaki wangapi wanapaswa kuwa na aleli mbili tofauti, kisha itupwe.

Kwenye sahani ya maabara yenye vishimo 96 vya kupimia sampuli, tunaacha kimoja bila DNA. Kikitoa jibu, ni dalili kwamba DNA imechafua sahani, na sahani nzima inarudiwa.

Sasa hesabu. Ukoo ukiwa nusu ya mavuno, sampuli ya samaki 100 inaacha kosa la takribani asilimia 10 juu au chini. Samaki 400 hulishusha hadi 5. Ukoo ukiwa asilimia 1 tu, sampuli ya samaki 200 ina uwezekano wa kama asilimia 13 wa kutomkamata hata mmoja wao. “Hawakuonekana” isisomwe kuwa “hawakuwepo.” Tena ukoo usiokuwemo kwenye daftari hautajwi kuwa mgeni: programu ya kompyuta humhesabu samaki wake kuwa wa ukoo unaofanana nao zaidi, kwa utulivu kabisa.

Faida yake inaonekana Bristol Bay, Alaska. Samoni mwekundu, Oncorhynchus nerka, huvuliwa kwa majaribio nje ya Port Moller, takribani wiki moja kabla hajafika kwenye ghuba. Vipande husafirishwa kwa ndege hadi maabara Anchorage, na wasimamizi hujua mapema kama wanaokuja ni wa mto Kvichak, wa Egegik au wa Wood. Jibu likichelewa siku tano, samaki wameshafika nyavuni.

Mipaka pia ipo. Samoni wa keta, Oncorhynchus keta, kutoka mito ya pwani ya magharibi ya Alaska wanafanana mno. Hutolewa taarifa kama kundi moja kubwa, na anayedai kuwatenganisha mto kwa mto kwa alama chache aombwe kuonyesha majaribio yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayo maombi matatu. Kwanza, sampuli zigawanywe kwa wiki na eneo kulingana na uzito wa mavuno. Zisitoke kwenye mashua iliyo karibu na gati tu. Pili, bajeti ya kuhuisha daftari la rejea itengwe kila mwaka, hasa penye vituo vya kutotolea vifaranga vilivyowahi kuhamisha mayai kutoka mto mmoja hadi mwingine. Tatu, vituo hivyo vitoe kipande cha pezi la kila mzazi anayetumika, ili mtoto atakayevuliwa miaka minne baadaye atambulike kwa wazazi wake bila kuwekewa alama yoyote ya chuma.

Tunaomba kuwasilisha.